Mchezo Uliosimama Ijumaa Jioni

Saumu mwanangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Barua kutoka kwangu hujawahi kuipata, maana tangu uzaliwe nikikutaka naita tu, na sauti yangu unaijua wewe, wanaijua na majirani. Naandika hapa dukani, juu ya kaunta, katikati ya majora ya vitenge. Wewe uko nyumbani unasukwa nywele za safari. Nimefunga nusu ya mlango ili wateja wadhani nimetoka, lakini hapa ni Ogembo, nusu ya mlango haimdanganyi mtu. Nimeshakata mita nne tangu niandike jina lako hapo juu.

Habari za chandarua, za kufua, za kutotembea barabarani ukitazama simu, mama yako amekwisha kuzisema, na kesho asubuhi atazisema tena mpaka basi la Mombasa lipotee kwenye kona. Mimi sizigusi. Mimi nina neno moja tu, na hilo neno nimelibeba wiki tatu sasa. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo nikashindwa. Unakumbuka juzi nilipokuita stoo, nikakohoa, nikakohoa tena, halafu nikakwambia unishikie ngazi? Sikuwa na haja ya ngazi, Saumu. Nilipanda kwa aibu tu, nikashusha jora ambalo hakuna aliyeliulizia.

Neno lenyewe linahusu ule mchezo wako wa mwisho kule Nyamira. Watu wakiniuliza, nasema binti yangu alishinda akapata nafasi chuoni Mombasa, alhamdulillahi, na hapo nanyamaza. Sisemi mimi nilikuwa nikifanya nini wakati wewe unashinda.

Nianze mbali kidogo, univumilie. Uliporudi na sataranji kutoka shuleni Sironga mimi niliidharau. Nilidhani ni drafti ya watu wa suti. Ulikuwa ukitandaza ubao wako hapa hapa kwenye kaunta, wateja wanauliza yule farasi ni shilingi ngapi, mimi nachemka. Halafu pole pole nikaanza kuchungulia. Nikajua huyu ni mfalme, huyu malkia, hawa maaskofu, hizi za pembeni ni ngome, na wale wadogo wanane wa mbele ni askari. Nikajua weupe ndio wanaoanza, na mwenye weusi anajibu. Hapo ndipo ulipoanza kuniudhi, maana ukipewa weusi ulikuwa na mchezo mmoja tu. Askari wa mbele ya mfalme, hatua moja. Si mbili kama watu wengine, moja! Mwenzako anajitanua katikati ya ubao kama mwenye shamba, wewe umejikunyata. Ukaniambia ni ulinzi wa zamani, umechezwa na watu wakubwa kabla babu hajazaliwa. Nikakuonyesha askofu wako mmoja, umemfungia nyuma ya askari wako mwenyewe, hawezi kwenda popote. "Saumu, huyu umemfunga kwa mkono wako!" Ukasema, "Atatoka baba, subiri." Mimi na neno subiri hatujawahi kupatana.

Basi ikafika Ijumaa ile. Mmebaki wasichana wawili, wewe na Kwamboka, na mshindi ndiye atakayechukuliwa na chuo, asomeshwe, aichezee timu yao. Unajua mwenyewe jambo hilo lilikuwa na uzito gani kwetu. Bila nafasi ile ungebaki hapa kukata vitenge pamoja na mimi, na mimi nilishaanza kuamka na hofu hiyo.

Mchezo ulikuwa uanze saa nane. Mvua ikanyesha ile ya Nyamira isiyo na adabu, watu wa Magwagwa wakakwama kwenye matope na mwamuzi mmoja akiwa kati yao, na mkakaa mezani saa kumi na nusu. Mabati yanapiga kelele, mimi nimesimama dirishani kwa sababu wazazi hawaruhusiwi kukaribia. Ukapewa weusi. Nikasema moyoni, haya, tumekwisha. Ukasogeza askari wako hatua moja.

Kufika saa kumi na mbili nilikuwa sioni kitu ila weupe. Kwamboka amejaa ubao mzima. Ndipo nikamwona akiinua mkono kumwita Mwalimu Odongo, yule mwamuzi mkuu, mtu wa kutoka kule ziwani. Alisema kwa sauti ya chini lakini dirisha lilikuwa wazi: "Mwalimu, jua likishuka mimi naenda. Siwezi cheza Sabato." Mwalimu Odongo akajikuna kichwa. Akasema sheria yake ni hii: mtu akiinuka, saa yake ya mezani inaendelea kuhesabu, ikimalizika ameshindwa. Isipokuwa wachezaji wote wawili wakubali, watie sahihi, basi mchezo utasimama pale ulipo na kumaliziwa Jumapili.

Saumu, nikuambie nilivyofurahi? Nilitazama angani. Mvua imekwisha, jua liko pale juu ya miti ya chai, limebakisha kama nusu saa. Nikasema, Mungu mkubwa, jua litamshinda Kwamboka.

Ulipotoka kunywa maji nikakuvizia pale varandani. Nikakushika mkono, nikakunong'oneza, "Polepole. Usicheze haraka. Kaa tu, jua linakwenda." Ukanitazama. Nilitegemea utatabasamu. Ukasema, "Baba, hairuhusiwi kuongea na mchezaji." Ukautoa mkono wako kwenye wangu, ukarudi ndani, na nikakuona kupitia dirisha unamwita Mwalimu Odongo, unamwambia umekubali mchezo usimame. Ilikuwa zamu yako. Ukaandika hatua yako inayofuata kwenye kikaratasi, ukakikunja, kikatiwa kwenye bahasha, ikatiwa gundi, mkatia sahihi wote wawili juu ya gundi. Mama yake Kwamboka akakusalimu kwa mikono miwili. Wakaondoka haraka haraka, jua likiwa bado lipo.

Nyumbani nikasema tu, "Uliandika nini mle?" Ukasema huniambii. Nikasema basi kesho Jumamosi una siku nzima, tandaza ubao, tafuta mtu kwenye simu akusaidie. Ukaniambia hutagusa. "Yeye kesho hagusi, baba. Sasa mimi nitaguseje?" Na kweli Jumamosi ukaja dukani ukapanga mashuka. Nilikuwa nikikutazama unapanga mashuka na damu inanichemka. Nilikuita mjinga, si kwa mdomo, lakini kila nilichoshika nilikitupa, nawe ulisikia.

Sasa nikueleze kwa nini nilikuwa vile, na si kwa kujitetea. Kabla sijaja Ogembo, kabla sijamwoa mama yako, nilikuwa Magwagwa nikiuza vitambaa chini kwenye turubai. Babu yako alikuja hizi pande akitembeza nguo kichwani, akaoa Mgusii, akakaa, na mimi nikairithi ile biashara pamoja na kiburi chake. Kulikuwa na kibanda kimoja kizuri, cha pembeni, karibu na lango la soko. Tulikitaka watu wawili, mimi na mama mmoja akiitwa Mama Kerubo, mshonaji. Kamati ya soko ikasema tutapiga kura ya kuokota vikaratasi, aliyepo ndiye atakayeokota, asiyekuwepo basi. Wakauliza siku gani. Mimi nikadakia, Jumamosi, ndiyo siku yenye watu. Mama Kerubo hakuwepo pale kwenye kikao, na mimi nilijua kanisa lake, nilijua Jumamosi hatoki kwenda sokoni hata nyumba ikiungua. Mimi huyu, Saumu, ninayefunga duka kila Ijumaa kwenda msikitini na kununa mteja akinigongea mlango!

Nilichukua kibanda. Jumapili asubuhi Mama Kerubo akaja. Nilijiandaa kwa matusi. Akaniamkia kwa Kigusii, "Bwakire, hongera kwa kibanda," akanunua rili ya uzi mweusi, akaenda. Kila Jumapili alikuja kununua uzi, na kila Jumapili akaniamkia vizuri. Mwaka haukuisha nikauza kibanda nikahamia huku. Watu wanadhani nilifuata wateja. Nilikimbia salamu za mama yule. Kumwomba msamaha sikumwomba, nilijiambia nitakwenda wiki ijayo, na alipofariki nilikuwa bado nasema wiki ijayo.

Ungedhani mtu aliyeonja hayo hatayarudia. Mimi Jumamosi ile saa tisa nilikwambia naenda Kisii mjini kuangalia mzigo. Uongo. Nilikwenda Nyamira. Nikaulizia mpaka nikapata nyumba ya Mwalimu Odongo, nikamkuta amevaa kaptula anamwagilia sukuma wiki.

Nikamwambia, "Mwalimu, ule mchezo uliisha jana. Yule msichana aliondoka mezani. Aliyeondoka ameshindwa, ndiyo sheria yako."

"Lakini binti yako alikubali, mzee. Alitia sahihi."

"Alikubali kwa kuona haya. Mtoto kazungukwa na watu wazima, angefanyaje? Amefika nyumbani amejuta."

Akauliza, "Kwa hiyo ni yeye amekutuma?"

Nikasema ndiyo.

Hilo ndilo neno, Saumu. Nilisema ndiyo. Nilichukua jina lako safi, ulilolitengeneza jana yake tu mbele ya watu wote wale, nikalitumia kama kitambaa cha kufutia meza. Mwalimu Odongo akafunga mfereji. Akasema, "Nimekusikia, mzee. Tutaonana kesho." Hakunikaribisha hata maji. Nilirudi nyumbani nikala, nikakuuliza kama umeswali, kama baba wa maana kabisa.

Jumapili alfajiri mkaondoka wewe na mama yako. Mimi nikasema tumbo linauma. Halikuwa likiuma. Nililala nimejifunika gubigubi nikifikiria Mwalimu Odongo anakutazama wewe kwa macho gani, wewe unamsalimu, wewe huna habari. Nikawaza, akikuuliza utasema nini? Utakana, naye hatajua amwamini nani. Utacheza mchezo wa maisha yako ukiwa na sifa ya ndumilakuwili, na hutajua imetoka wapi. Nikawaza pia, nikikaa kimya huenda yakapita tu. Mengi yamepita hivyo kwangu. Nililala pale muda mrefu, Saumu, nataka ujue hilo. Sikuruka kitandani kama shujaa.

Mwishowe nikaamka, nikavaa shati la jana, nikafika Nyamira hamjaanza bado. Nikamvuta Mwalimu Odongo kando nyuma ya ukumbi. Nikamwambia, "Jana nilikudanganya. Saumu hakunituma. Hajui hata kama nilikuja." Akanipa mkono. Akasema, "Asante kwa kuja, mzee. Ingia ukae." Basi. Hakuongeza hata nusu neno. Lahaula, nilivyopumua! Nilijisikia mwepesi mpaka nikataka kucheka.

Kukaa nikakaa benchi moja na Mama Kwamboka. Alitoa ndizi mbivu kwenye mkoba, akanikatia moja. Bahasha ikapasuliwa mbele yenu. Mwalimu Odongo akasoma, akamchukua yule askari wako wa mbele ya mfalme, yule yule mnyonge wa hatua moja, akamsogeza hatua nyingine moja mbele. Nikaona Kwamboka anashika shavu. Hata mimi niliona! Askofu wako uliyemfunga akapata njia, akatoka, na nyuma yake ngome zako zote mbili, na wale weupe waliojaa ubao wakawa hawana pa kugeukia. Mama Kwamboka akaninong'oneza, "Baba Saumu, mimi hii kitu sielewi. Nani anashinda?" Nikamwambia hata mimi sijui. Nilijua. Sikuwa na moyo wa kumwambia na ndizi yake mdomoni.

Kwamboka akalaza mfalme wake, akakupa mkono, na nyinyi wawili mkaanza kupanga tena vipande mkibishana ni wapi alipokosea, mnacheka, kama hakuna aliyepoteza kitu. Halafu ukatoka ukaja moja kwa moja mpaka kwangu. Ukanishika mkono ukasema, "Baba, umekuja." Nikaangua kilio. Ulidhani nalia kwa furaha ya ushindi, nami nikakuacha udhani hivyo.

Ndiyo maana nimekaa na kalamu. Sitaki uende Mombasa ukiwa na baba wa kubuni. Huko watu watakuuliza umetoka kwa nani, utasema kwa Baba Saumu wa Ogembo, na nataka ukilisema hilo uwe unamjua mtu mwenyewe, na mapungufu yake yote. Nilitaka kukuomba radhi, na nimeona haya, na bado

Nimeacha hapo katikati kwa sababu mama yako ameingia. Ameleta chupa ya chai. Amesimama nyuma yangu akasoma bila ruhusa, unamjua. Kwanza nilifunika kwa kiganja. Akasema, "Toa mkono." Akasoma mpaka mwisho, polepole, huku anamimina chai. Halafu akacheka. Akacheka mpaka akashika kaunta.

"Wewe Baba Saumu! Haya yote unamwandikia nani?"

"Saumu."

"Saumu anajua."

"Anajua nini?"

"Yote. Mwalimu Odongo alimuuliza Jumapili asubuhi, saa mbili, tulipofika tu. Alimwita pembeni, mimi nikiwepo. Akamuuliza, jana ulimtuma baba yako?"

Nikamwambia mbona hukuniambia, wiki tatu mimi nahangaika na ngazi huko stoo! Akasema ulimkataza. Ulitaka nije mwenyewe kukuambia, na yeye amengoja mpaka amechoka. Nikamuuliza, sasa Saumu akajibu nini? Alikana?

Mama yako akaacha kucheka. Akasema hukukana wala hukukubali. Ulimwambia hivi: "Mwalimu, mngoje baba yangu. Atakuja kukuambia mwenyewe."

Chai imepoa hapa, sijaigusa. Nataka nikuambie neno moja, na naliandika kwa raha. Saa mbili ile, Saumu, ulipomwambia Mwalimu Odongo kwamba nitakuja, mimi nilikuwa bado kitandani, nimejifunika, na sijaamua.

Baba yako,
Ogembo